Soya sosi, kipande cha supu au ajinomoto: kipi kinalipa kwenye wali wa kukaanga?

Wali wa kukaanga wa mkahawa wa Kichina ladha yake hubaki ulimini hata baada ya kumeza. Wa nyumbani, pamoja na mayai, karoti na njegere zake zote, mara nyingi huwa wali wenye mafuta tu. Sababu moja ni moto: karai la mkahawani hukaa juu ya moto ambao jiko letu haliwezi kuutoa, na huo dukani haupatikani. Sababu ya pili ni kikolezo, na hicho kinauzwa.

Wengi hukimbilia soya sosi. Sufuria ya watu wanne hutaka vijiko viwili vya chakula, kama mililita 30, kwa hiyo chupa ya mililita 150 inaisha kwa mapishi matano. Inakupa rangi na harufu, lakini kila kijiko kina takriban miligramu 900 za sodiamu. Na chupa hazilingani. Ile iliyochachushwa huorodhesha maji, soya, ngano na chumvi, basi. Ya bei ya chini sana mara nyingi ni protini iliyovunjwa kwa asidi, ikatiwa rangi ya karameli. Ukiona orodha ndefu, ujue rangi ndiyo unayoilipia.

Kipande cha supu kinaonekana rahisi kuliko vyote kwa sababu kinanunuliwa kimoja kimoja. Soma nyuma ya pakiti: kiambato cha kwanza kwa kawaida ni chumvi, ambayo mara nyingi hukaribia nusu ya uzito. Kwa maneno mengine unanunua chumvi kwa bei ya kiungo. Unga wa mchuzi ndio nisioupendekeza kabisa hapa. Una wanga wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Kwenye mchuzi unafaa, kwenye wali unazishikanisha punje ulizohangaika kuzitenganisha.

Kisha ajinomoto, zile chembe nyeupe. Sufuria hiyohiyo inatosheka na nusu kijiko cha chai, kama gramu mbili. Pakiti ya gramu 100 inakoleza sufuria 50. Chukua bei za duka lako, gawanya ya chupa kwa tano na ya pakiti kwa hamsini, uone mwenyewe. Sodiamu yake ni takriban asilimia 12, ilhali ya chumvi ya meza ni 39, hivyo ukiitia unaweza kupunguza chumvi bila mlaji kulalamika.

Wapo wanaoiogopa, ingawa asili yake si ya kutisha. Mkemia Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani huko Tokyo mwaka 1908. Leo hutengenezwa kwa kuchachusha vitu kama molasi ya miwa au wanga. Hofu ilienea baada ya 1968, daktari Robert Ho Man Kwok alipoliandikia jarida moja la tiba la Marekani kuhusu ganzi na mapigo ya moyo aliyoyahisi akila kwenye mikahawa ya Kichina. Hakuwa amefanya utafiti, na katika barua ileile alizitaja pia soya sosi, mvinyo wa kupikia na chumvi. Mwaka 1987 kamati ya wataalamu wa FAO na WHO haikuona haja ya kuiwekea kikomo. Ulaya ilikuwa kali zaidi mwaka 2017: miligramu 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 1.8 kwa mtu wa kilo 60. Nusu gramu kwenye sahani yako iko chini ya hapo. Tena anayeikwepa na huku anatumia kipande cha supu, atafute E621, ndiyo ajinomoto yenyewe, kwenye orodha ya viambato. Mara nyingi ataikuta.

Asiyeitaka kabisa ana dagaa. Wakaushe kikaangoni, toa vichwa, saga, tia kijiko kimoja kitunguu kikishageuka rangi. Ni rahisi, na dagaa wakichanganywa na chembe chache za ajinomoto ladha hupanda kuliko kila kimoja peke yake.

Mimi ningenunua pakiti ndogo ya ajinomoto na soya sosi nzuri, hiyo ya pili niinyunyize kijiko kimoja tu pembeni mwa karai, ikaungue kidogo kabla ya kugusa wali. Chumvi ije mwisho, baada ya kuonja. Wali uwe kiporo, umepoa na kukauka, ila usiwe umelala mezani: bakteria wa wali huacha sumu ambayo kukaanga hakuiondoi. Ukishaiva, utandaze upoe upesi, kisha weka kwenye friji.