Je, Wajua? Twiga Kando ya Mto Tana

Ukiendesha gari polepole kutoka Nairobi, takriban kilomita 370 kupitia Thika na Mwingi, unavuka daraja la Mto Tana na kuingia Garissa. Usiharakishe. Karibu na mji, huko Bour-Algi, twiga huzunguka katika ardhi ya jamii pamoja na mifugo. Kusini zaidi, Ijara, wapo hirola, miongoni mwa swala adimu zaidi duniani. Hifadhi ya Arawale ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili yao, na leo hii wamebaki mia chache tu. Wanastahili safari hiyo kuliko simba yeyote! Na ukielekea kaskazini, Modogashe, utavuka ikweta. Njiani, omba chai ya maziwa ya ngamia.