Dawa ya Sindano kwa Ng'ombe: Ipime, Imalize, Zuia Maziwa



Ng'ombe wa gredi ni mali kubwa katika shamba la skimu. Tangu mpango wa Eka Milioni ulipoanza mwaka wa 1962, jamaa nyingi zimelipa mikopo na karo za shule kwa maziwa yake. Kwa hiyo asubuhi ambayo ng'ombe hakuigusa nyasi yake, mwenyewe hushikwa na wasiwasi. Mara nyingine huchukua chupa ya dawa iliyobaki tangu mwaka jana, akamdunga, kisha akangoja. Ng'ombe mmoja hupona. Mwingine hufa, na watu husema dawa za siku hizi hazina nguvu. Mara nyingi kosa si la dawa. Kosa ni la mkono ulioishika.

Mwezi huu twataka kueleza dawa za antibiotiki za kudunga, kama oksitetrasaiklini na penisilini, na jinsi ya kuzitumia nyumbani bila kumwumiza ng'ombe, jirani au mtoto wako.

SI KILA HOMA NI YA DAWA HII

Antibiotiki huua vijidudu vya aina ya bakteria. Haiui virusi. Kwa hiyo haiponyi ugonjwa wa midomo na miguu, wala ule wa ngozi unaomjaza ng'ombe mabonge.

Fikiri juu ya magonjwa mawili ambayo wakulima huyachanganya: ndigana kali na ndigana baridi. Yote mawili huletwa na kupe. Yote mawili huanza na homa, ng'ombe hakatai kula tu, bali maziwa pia hupungua. Lakini dawa zake ni mbalimbali.

Katika ndigana kali, tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, na baadaye ng'ombe hukohoa na kupumua kwa shida. Kijidudu chake si bakteria. Dawa yake ni buparvakuoni, na yafaa idungwe mapema. Oksitetrasaiklini peke yake haitamponya ng'ombe aliyekwisha kuugua.

Katika ndigana baridi, ufizi huwa mweupe, kisha huweza kuwa wa manjano, na mavi huwa makavu na magumu. Hapo oksitetrasaiklini ni dawa nzuri.

Basi mkulima anayedunga kwa kubahatisha aweza kupoteza siku mbili akiitumaini dawa isiyohusika, na katika ndigana kali siku mbili ni nyingi. Mwite daktari wa mifugo, au msaidizi wake aliyeandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Yeye atapima joto, atagusa tezi, na akiona haja atachukua damu kidogo ili itazamwe kwa darubini. Kuujua ugonjwa na kuchagua dawa ni kazi yake. Kumalizia sindano za siku zinazofuata kwaweza kuwa kazi yako, akikubali na akikuonyesha kwanza.

KIPIMO HUTOKA KATIKA UZITO

Usimkadirie ng'ombe kwa macho. Mzungushe utepe wa kupimia uzito kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, nawe utasoma kilo zake.

Kisha soma karatasi ya chupa. Oksitetrasaiklini ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita moja. Ile ya asilimia 20 ina miligramu 200. Chupa zaweza kufanana, lakini nguvu si moja. Ile ya asilimia 10 kwa kawaida hurudiwa kila siku kwa siku kadhaa. Ile ya asilimia 20 iliyotengenezwa ili ikae mwilini muda mrefu hudungwa mara moja, na daktari aweza kuagiza irudiwe baada ya siku tatu.

Tuseme karatasi yasema mililita 1 kwa kila kilo 10, na ng'ombe wako ana kilo 400. Yeye ahitaji mililita 40. Mkulima anayeogopa gharama akadunga mililita 10 amempa robo tu. Bakteria walio dhaifu watakufa, wenye nguvu watabaki na kuzaana, na mara nyingine hata kipimo kamili hakitawaweza. Hivyo ndivyo dawa inavyopoteza nguvu, si katika zizi lako tu, bali kijiji kizima.

Onyo hili si jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alilitoa katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945: dawa kidogo mno huwafundisha vijidudu kuishinda. Ng'ombe akianza kula siku ya pili, usiache dawa. Maliza siku zote ulizoagizwa.

NAMNA YA KUDUNGA

1. Tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa. Dawa iliyopita tarehe, au iliyobadilika rangi, isitumiwe. Weka dawa mahali pa baridi pasipo na jua, mbali na watoto. Penisilini nyingi hutaka kuwekwa katika friji. Fuata karatasi yake.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia bomba safi na sindano mpya kwa kila ng'ombe. Damu iliyobaki kwenye sindano yaweza kuihamisha ndigana baridi kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Mkulima aweza kuueneza ugonjwa kwa sindano ile ile anayotibia.

3. Mfunge ng'ombe vizuri katika krashi. Asiyefungwa huvunja sindano mwilini, au huipeleka mkononi mwako.

4. Tikisa chupa ikiwa karatasi yasema hivyo. Vuta dawa, kisha toa hewa katika bomba.

5. Dunga katika nyama ya shingo, mbele ya bega. Usidunge matakoni, kwa maana kuna mshipa mkubwa wa fahamu, na nyama nzuri huharibika.

6. Sindano ikiwa ndani, vuta bomba nyuma kidogo. Ukiona damu, itoe udunge mahali pengine. Sukuma dawa polepole.

7. Usitie dawa yote mahali pamoja. Karatasi itakuonyesha kiasi cha mwisho kwa kila mahali, mara nyingi mililita 10 au 20. Ile iliyozidi igawe pande mbili za shingo.

8. Kaa na ng'ombe wako nusu saa. Akivimba uso, akitetemeka au akianguka, mwite daktari mara moja.

Sindano iliyotumika itie katika kopo gumu lenye kifuniko, usiitupe shambani. Ukijichoma, nawa kwa maji na sabuni, kisha nenda hospitali pamoja na chupa ile. Na dawa ya ng'ombe isidungwe wala kunywewa na mtu, hata kama jina lake lafanana na la dawa ya hospitali.

MAZIWA YAKE SASA SI YA KUUZA

Dawa iliyoingia shingoni hutoka pia katika kiwele. Karatasi ya chupa husema siku ngapi maziwa yazuiwe na siku ngapi nyama isiliwe. Kwa dawa nyingine ni siku chache. Kwa zile zinazokaa mwilini muda mrefu, maziwa yaweza kuzuiwa kwa wiki moja, na nyama kwa mwezi mmoja hivi. Anza kuhesabu baada ya sindano ya mwisho, si ya kwanza.

Usidhani kwamba kuchemsha kutaiondoa dawa. Haiondoki. Mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini aweza kuugua sana kwa kikombe kimoja cha chai. Nayo maziwa yenye dawa yakichanganywa na ya wenzako katika chama cha ushirika, mala na yoghati havitaganda vizuri, na maziwa ya watu wote yaweza kukataliwa. Ndama pia asipewe. Yamwage katika shimo mbali na kisima.

Mfunge ng'ombe huyo kitambaa chekundu mguuni, ili yeyote atakayekamua ajue. Kisha andika katika daftari: jina la ng'ombe, tarehe, dawa, kiasi, na siku ambayo maziwa yatakuwa salama. Daktari akija tena, mwonyeshe.

Kumwaga maziwa ya siku saba kwauma. Lakini yakumbuke siku ile unapompeleka ng'ombe joshoni, au unapokaza mkono kumnyunyizia dawa ya kupe. Kupe aliyekufa leo ni sindano moja ambayo hutahitaji kuinunua kesho.