Kutatulika au Kuyeyuka? Kuhusu Istilahi Moja ya Nadharia ya Makundi

Katika rasimu moja ya istilahi za hisabati niliyopewa kuipitia, neno la Kiingereza soluble, litumikalo katika nadharia ya makundi, lilikuwa limefasiriwa "yeyufu". Mfasiri alifungua kamusi, akakuta habari za chumvi na maji, akaridhika. Kosa laonekana dogo. Lakini mwanafunzi atakayeambiwa kwamba kundi fulani ni yeyufu atajiuliza linayeyukia wapi, wala hatapata jibu, kwani hakuna kinachoyeyuka. Hapana budi basi kulieleza jambo lenyewe kabla ya kulitafutia jina.

Kundi, kwa mwanahisabati, ni mkusanyo wa vitendo. Vitendo viwili vikifuatana huzaa kitendo kingine cha mkusanyo uo huo. Kila kitendo kina chake cha kukitangua. Na kimo kitendo tuli, kisichobadili kitu. Namna zote za kubadilisha nafasi za vitu vitano, kwa mfano, ni kundi. Yako makundi yasiyojali utangulizi: x kikitangulia y, au y kikitangulia x, matokeo ni mamoja. Hayo huitwa makundi ya Abel. Mengine hujali, na kiasi cha kujali kwake chaweza kupimwa. Tufanye x, kisha y, kisha tutangue x, kisha tutangue y. Kama utangulizi haujalishi, twarejea tulipoanza. Kama wajalisha, pana baki. Mabaki yote, pamoja na yale yanayozaliwa kwa kuyafuatanisha, ni kundi lililomo ndani ya lile la kwanza. Nalo lapimwa vivyo hivyo, likatoa mabaki yake, na kuendelea. Iwapo baada ya hatua kadhaa hapasalii ila kitendo tuli, basi kundi la mwanzo lina sifa tunayoizungumzia.

Jina la sifa hiyo limetokana na milinganyo. Mnamo 1824 Abel alithibitisha kwamba hakuna kanuni ya jumla itumiayo vipeuo iwezayo kutatua mlinganyo wa daraja ya tano. Galois, aliyefariki 1832 na ambaye kazi yake ilichapishwa 1846, alionyesha sababu: mlinganyo hutatulika kwa vipeuo pale tu kundi lake linapokuwa na sifa hiyo. Kifaransa kilichagua résoluble, neno la kutatua. Kijerumani kina auflösbar, lenye maana zote mbili, kama Kilatini solvere kilichokuwa na maana ya kufungua na kulegeza. Kiswahili kina bahati zaidi. Tatua ni kinyume cha tata, kama fungua kwa funga na kunjua kwa kunja. Kuondoa tata hatua kwa hatua, kama mtu afumuaye nyuzi zilizotatana, ndiko hasa kunakofanyika katika mabaki yale. Nasema basi: kundi la kutatulika.

Neno hili latufaa tunapofikia swali ambalo limewashughulisha wengi. Tuseme kundi G lina makundi A na B ndani yake, na kila kitendo cha G ni kitendo cha A kikifuatwa na cha B. G ni zao la A na B. Je, A na B zikitatulika, G nayo hutatulika? Zao, kwa kuwa latokana na kuzaa, latushawishi kutarajia mtoto kurithi tabia ya wazazi. Hapa lugha yatuhadaa.

Tuchukue vitu vitano katika duara, na vitendo 60 vinavyopatikana kwa kubadilishana vitu viwili viwili mara shufwa. Kitendo chochote kati ya hivyo hukipeleka kitu cha tano mahali fulani. Mzunguko mmoja wa duara waweza kukirudisha kwake, na kinachosalia hakikigusi tena. Mizunguko ni 5, navyo vitendo visivyokigusa kitu cha tano ni 12. Na 5 mara 12 ni 60. Mizunguko ni kundi la Abel. Lile la 12 hutatulika kwa hatua mbili: mabaki yake ni 4, kisha ni kitendo tuli peke yake. Lakini zao lao, lile la 60, mabaki yake ni lenyewe zima. Halipungui kamwe. Ndilo kundi dogo kuliko yote yasiyotatulika.

Kumbe sharti A na B ziwe nyepesi zaidi. Mnamo 1955 Itô alithibitisha, kwa mistari michache ya kustaajabisha, kwamba zao la makundi mawili ya Abel, yawe na kikomo au yasiwe nacho, hutatulika kwa hatua zisizozidi mbili. Wielandt mnamo 1958, kisha Kegel mnamo 1961, walilipanua jambo kwa makundi yenye kikomo: A na B zikiwa nilipotenti, zao lao hutatulika. Ndani yake mmo tokeo la Burnside la 1904, kwamba kundi ambalo hesabu ya vitendo vyake yagawanyika kwa namba tasa mbili tu hutatulika.

Nilipotenti nimeliacha lilivyo. Tafsiri yake ya neno kwa neno ingekuwa "lisilo na uwezo", na kundi la namna hiyo halikukosewa heshima kiasi hicho.