Katuni zile zile, jina jipya

Uvuvi ukifungwa, Desemba hadi mwisho wa Februari, soko la Kashikishi hupoa. Upande wa Zambia nyavu huanikwa, na aliyezoea kubeba magunia ya samaki hutafuta kitu kingine cha kuzungushia mtaji. Wengi hukimbilia nguo. Wachache hubeba diski na flashi za katuni.

Mama mmoja anayevuka ziwa kutoka Nchelenge kwenda Kilwa, upande wa Kongo, alirudishiwa mzigo. Aliuza filamu ndefu ya Bugs Bunny, yule sungura mla karoti, pamoja na diski mbili za katuni fupi. “Dada, umeniuzia kitu kimoja mara mbili,” mteja alimlalamikia.

Mteja hakukosea, na mama naye hakukusudia kudanganya. Katuni za Warner Bros. zilitengenezwa kwa ajili ya sinema, kila moja dakika sita au saba, zikatangulia filamu kubwa. Miaka ya 1960 kazi hiyo ilikoma. Baadaye kampuni ikafungua ghala: ikachukua katuni za zamani, ikachora vipande vifupi vipya vya kuziunganisha, ikauza kama filamu kamili. Ni kama kufunga mitumba ya mwaka juzi katika robota jipya, ila hapa kitambaa ni kizuri.

Ile ya mwaka 1979, The Bugs Bunny/Road Runner Movie ya Chuck Jones, ndani yake mna Rabbit Fire ya 1951 na Duck Amuck ya 1953. Mwenye diski ya katuni hizo fupi tayari anazo. Disney nao walifanya hivyo mwaka 1977: filamu ya Winnie the Pooh ilitokana na katuni tatu zilizokwisha kuonyeshwa.

Sikiliza sauti. Mel Blanc ndiye aliyemsemea sungura katika katuni za zamani na katika viungo vipya. Zinapokutana, unamsikia mtu amezeeka ghafla.

Ninayoipenda mimi ni ya 1982, 1001 Rabbit Tales. Sungura na bata Daffy ni wachuuzi wa vitabu wanaogombea wateja nchi za mbali. Sungura anaangukia kwa sultani, anatishiwa mafuta ya moto asipomsimulia mwana wa mfalme hadithi. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanaijua njia hiyo. Na kila hadithi anayosimulia ni katuni ya zamani!

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fungua diski uangalie dakika kumi za mwanzo na za katikati, ulinganishe na ulizonazo. Kwa soko la Zambia tazama pia stika ya hologramu. Mzigo usio nayo unaweza kukamatwa, na hapo hasara si ya mteja mmoja.

Mama yule amebakiza diski nne. Sasa anaziuza ama ile ndefu, ama zile fupi. Hazichanganyi kwa mnunuzi mmoja.