Njeo na Hali katika Kiklingoni

Mwaka 1984 ilitolewa huko Marekani filamu ya tatu ya Star Trek, mfululizo wa hadithi za safari za angani. Ndani yake Waklingoni, viumbe wa kubuniwa kutoka sayari nyingine, walisikika wakizungumza lugha yenye sarufi yake. Mtungaji wa lugha hiyo, Marc Okrand, ni mtaalamu wa isimu. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1985. Lugha hiyo yafaa kuchunguzwa, kwa kuwa hutenganisha mambo mawili ambayo darasani huchanganywa mara kwa mara: njeo na hali.

Njeo huonyesha kama tendo liko kabla, wakati au baada ya kusema. Hali huonyesha kama tendo limetimia au lingali linaendelea.

Kiklingoni hakina njeo. Neno jIghung, lenye kiambishi jI- (mimi) na kitenzi ghung (kuwa na njaa), laweza kumaanisha 'nilikuwa', 'nina' au 'nitakuwa na njaa'. Wakati hujulikana kwa muktadha au kwa neno jingine: wa'Hu' jIghung, 'jana nilikuwa na njaa', wa'leS jIghung, 'kesho nitakuwa na njaa'. Herufi kubwa na alama (') ni sehemu ya tahajia ya lugha hiyo.

Hali, kwa upande wake, huonyeshwa na viambishi tamati vinne:

(a) -pu': tendo limetimia. vIghorpu', 'nimekivunja'.

(b) -ta': tendo limetimia, tena lilikusudiwa. vIghorta', 'nimekivunja kwa makusudi'.

(c) -taH: tendo linaendelea. jIyIttaH, 'ninatembea'.

(d) -lI': tendo linaendelea kuelekea mwisho unaojulikana. jIyItlI', 'ninatembea kuelekea niendako'.

Wanaojifunza hudhani kuwa -pu' ni alama ya wakati uliopita. Sivyo. wa'leS vIghorpu' ni 'kesho nitakuwa nimekivunja'.

Kosa hilo hilo hufanywa katika Kiswahili, pale -me- inapofundishwa kuwa ni wakati uliopita, sawa na -li-. Mtu asemapo 'kesho ukija utanikuta nimekula', chakula hicho hakijaliwa bado. Kiambishi -me- hueleza kutimia kwa tendo, si siku yake. Kwa hiyo ni cha hali.

Kipimo chepesi ni kukiweka kitenzi baada ya neno 'nitakuwa'. 'Nitakuwa nimekula' hukubalika. 'Nitakuwa nilikula' hukataliwa, kwa sababu -li- ni njeo, nayo hupingana na njeo iliyokwisha kutajwa.

Basi lugha isiyo na njeo si lugha isiyojua wakati. Kichina cha Mandarin nacho hakina viambishi vya njeo, na wasemaji wake hupanga ya jana na ya kesho bila taabu. Wanafunzi na wajaribu sasa -ki- na -na- kwa kipimo hicho hicho, kisha waamue kila kimoja ni cha kundi gani.