Mwalimu, na watu nao wanaoza?

Bandugu wasomi wenzangu, niko na lisansi ya agronomia, lakini watoto wa darasa la nne njo walinifundisha namna ya kuelezea kuoza.

Hapa Goma wengi wetu tunaishi juu ya lava. Fasi Nyiragongo ilimwaga moto tarehe 17 Januari 2002, ukipiga jembe unagonga jiwe. Anayetaka kupanda lenga-lenga nyumbani ananunua udongo, ama anautengeneza. Kwa hiyo rafiki yangu mwalimu aliniomba nije kuonyesha batoto namna ya kufanya mbolea na maganda ya jikoni.

Lundo la kwanza lilinishinda. Tulijaza pipa maganda ya ndizi, ya viazi na mabaki ya sombe, tukafunika. Kiisha wiki mbili harufu ikafika kwa majirani. Mama moja akaniuliza: "Papa, ni hii njo ulisomea miaka yote?" Nilikosa jibu.

Kosa lilikuwa hewa. Bakteria na kuvu wanaokula maganda wanapumua kama sisi. Hewa ikikosekana, wanakuja wengine wasioihitaji, na hao njo wanaleta ule uvundo. Basi tulianza upya chini ya mti. Kwa kila ndoo moja ya maganda mabichi tulitia ndoo mbili ama tatu za vitu vikavu: majani makavu, mabua ya mahindi, kartoni iliyochanwa. Nyama na samaki apana, sababu ya panya. Kila wiki tulipindua. Kujua kama maji inatosha, mtoto anakamata konzi moja na kuikamua: yakitoka matone moja ama mawili, ni sawa. Yakitiririka, ongeza vikavu.

Pembeni tulizika vitu vinne: ganda la ndizi, jani la maharage, ganda la yai na kipande cha sashe. Kiisha wiki sita tukafukua. Jani halikuonekana tena. Ganda la ndizi lilikuwa limebaki nyuzi nyeusi, na nyungunyungu zilikuwa hapo. Ganda la yai lilikuwa bado. Sashe ilikuwa vilevile, hata maandishi yake yalisomeka. Nikawaambia: kitu kinaisha udongoni kwa sababu kuna anayekikula. Sashe haina mwenye kuila, njo maana tunaikuta kila siku ndani ya mifereji.

Hapo mtoto moja akauliza: "Mwalimu, na watu nao wanaoza? Na papa yangu?"

Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya kaboni na nitrojeni. Hiyo sikuitayarisha. Nikataka kusema tutaongea kesho, lakini wote walikuwa wananiangalia. Nikamujibu: "Ndiyo, mwili unarudi udongoni, kama vile umeona."

"Anaumia?"

"Apana. Mtu akishakufa, mwili hausikii tena maumivu."

Akanyamaza kidogo. Kiisha akakamata jembe, akafunika shimo yeye mwenyewe, polepole.

Wenzangu, mukienda kufundisha somo hili, mukae kwanza na mwalimu wa darasa. Katika mji huu watoto wengi wameshafika makaburini. Swali hilo litakuja. Muamue mapema mutajibu nini, na nani atabaki na mtoto kiisha somo. Musimudanganye, kwa sababu ameshaona kwa macho yake nini inafanyika ndani ya shimo.

Kiisha miezi ine lundo lilitupatia magunia mawili ya udongo mweusi, unaonukia kama msitu kiisha mvua. Sasa kuna lenga-lenga mbele ya darasa, juu ya lava. Tusingoje proje wala bajeti. Maganda ya leo yanatosha kuanza.