Nguvu za Umeme na Neno "Nguvu"

Mkazi wa Kalengera, kaskazini ya mji wa Goma, akisema kwamba umeme wa jioni "hauna nguvu", mwanafizikia hana budi kuuliza: ni volteji, yaani msukumo wa umeme, au ni nguvu hasa, yaani kiasi cha nishati kitumiwacho kila sekunde? Kiswahili cha kila siku huyaita yote mawili nguvu, na hapo ndipo mwanafunzi anapopotea.

Tuchukue jiko la umeme la volti 220 lipitishalo mkondo wa ampea 5. Kwa kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, ukinzani ni volteji kugawanywa kwa mkondo: 220 ÷ 5, sawa na omu 44. Nguvu ni volteji mara mkondo: wati 1,100.

Sasa volteji ishuke hadi 176. Ukinzani wa waya wa jiko haubadiliki sana (balbu ya waya ina tabia nyingine), hivyo mkondo huwa ampea 4 na nguvu wati 704. Volteji imepungua kwa moja ya tano tu. Joto limepungua kwa zaidi ya theluthi, kwani nguvu hufuata mraba wa volteji.

Katika Rutshuru jambo hili si dogo. Kituo cha Matebe, kilichozinduliwa mwaka 2015, kilikusudiwa, pamoja na mengine, kupunguza uchomaji wa makaa katika Hifadhi ya Virunga. Maharagwe yasipoiva kwa umeme, mpishi huyarudia makaa.